Wimbo Uliowekwa Matangani

MWEZI wa Septemba mwaka wa 2001, kampuni ya RCA ya Marekani ilikuwa tayari kuitoa santuri ya kwanza ya vijana watano wa New York wanaojiita The Strokes. Santuri hiyo, iitwayo Is This It, ilikuwa na nyimbo 11. Huko Australia na Uingereza ilikuwa imekwisha kuingia madukani, na magazeti ya muziki yalikuwa yameisifu mpaka sifa zenyewe zikaanza kuchosha. Kisha, tarehe 11 ya mwezi huo, ndege mbili ziliparamia minara miwili ya jiji lile lile la vijana hao, na kila kitu kikasimama. Sidii ya santuri hiyo ilipotoka Marekani hatimaye, tarehe 9 Oktoba, wimbo mmoja haukuwamo. Wimbo huo uliitwa New York City Cops, yaani polisi wa jiji la New York. Mahali pake palitiwa mwingine uitwao When It Started.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: wimbo mmoja wa vijana wa Kizungu umetolewa katika santuri ya Kizungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wimbo ule huelezwa kuwa ni jibu la kejeli kwa kifo cha Mwafrika mwenzetu, aliyekwenda ng'ambo kutafuta riziki akauawa mlangoni pake. Ya pili ni kwamba siku hizi kuufuta wimbo kumekuwa rahisi kuliko kufuta ubao wa darasani, na ubao ukishafutwa si kila mtu atakumbuka kilichoandikwa. Kwa hiyo kisa hiki cha zamani kidogo kinatufaa leo. Swali langu ni moja: wimbo ukiondolewa kwa ajili ya msiba, ni nani mwenye kazi ya kuurudisha, na lini?

MUZIKI WA GEREJI

Kwanza tuelewane juu ya aina ya muziki wenyewe. Wapenzi wa rock huuita muziki wa gereji. Gereji hii si ile ya fundi wa magari yenye mafuta chini na tairi kuukuu ukutani. Ni kile chumba cha kulaza gari kilichoungana na nyumba katika vitongoji vya Marekani. Katika miaka ya 1960 vijana wa shule walinunua magitaa ya bei nafuu, wakalitoa gari la baba nje, wakaingia humo kupiga kelele. Wengi hawakujua muziki sana. Walijua kuweka vidole namna tatu nne hivi juu ya gitaa, na walikuwa na hamu kubwa. Bendi nyingi zilitoa sahani moja au mbili zikafa, vijana wakaenda chuoni, wengine wakaenda vitani Vietnam.

Wimbo mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ni Louie Louie. Ulitungwa katika miaka ya 1950 na Richard Berry, mwimbaji mweusi wa Los Angeles, kisha mwaka wa 1963 ukapigwa upya na The Kingsmen, vijana wa Portland. Mwimbaji wao aliuimba kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni, hata maneno hayakusikika. Wazazi walipokosa kuyasikia, wakadhani lazima ni matusi. Mwaka wa 1964 gavana wa jimbo la Indiana aliomba redio zisiupige. Makachero wa FBI nao wakashika sahani hiyo, wakaisikiliza kwa kasi na kwa polepole, na baada ya uchunguzi wa miaka ipatayo miwili wakakiri kwamba maneno yake hayaeleweki. Nacheka kila ninapokikumbuka kisa hiki, lakini kina funzo. Tangu mwanzo muziki wa gereji umekuwa ukitazamwa na serikali kwa jicho la wasiwasi, na mara nyingi anayeuogopa hajausikia vizuri.

Mwaka wa 1972 mwandishi na mpiga gitaa Lenny Kaye alizikusanya nyimbo za bendi hizo zilizosahaulika katika santuri iitwayo Nuggets, ikatolewa na kampuni ya Elektra. Vijana wa baadaye waliinyonya santuri hiyo kama ndama anyonyavyo. Na mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati redio za Marekani zilipojaa muziki uliosafishwa kwa kompyuta mpaka ukang'aa kama kigae, kikazuka kizazi kingine kilichotaka kurudi gerejini. Detroit ilikuwa na The White Stripes, watu wawili tu, gitaa na ngoma. Sweden ilikuwa na The Hives, Australia ikawa na The Vines. New York ilikuwa na hawa The Strokes, na ndio waliowafungulia wenzao mlango wa duka.

VIJANA WENYEWE

Mwimbaji ni Julian Casablancas, ambaye pia ndiye mtunzi. Magitaa yanapigwa na Nick Valensi na Albert Hammond mdogo, gitaa la besi na Nikolai Fraiture, na ngoma na Fabrizio Moretti. Lawama iliyowaandama tangu siku ya kwanza ni kwamba si watoto wa gereji hata kidogo. Baba yake Casablancas, hayati John Casablancas, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Elite ya wanamitindo. Baba yake Hammond ni mtunzi wa nyimbo aliyetamba mwaka wa 1972 kwa wimbo wake wa mvua isiyonyesha kusini mwa California. Vijana hao wawili walikutana kwanza Uswisi, katika shule ya bweni ya Le Rosey, ambayo karo yake si ya mtoto wa mfanyakazi. Wakosoaji wakasema: hawa wamevaa koti lililochanika kwa kupenda, wala si kwa kukosa.

Mimi nakubali kwamba neno hilo lina ukweli, lakini sikubali kwamba linamaliza shauri. Mtoto wa tajiri naye ana masikio. Linalotakiwa ni kuisikiliza kazi yake na kuona kama mkono umeshika jembe au umeshika picha ya jembe.

Na kazi ilifanyika. Kwanza walijaribu kurekodi na Gil Norton, mtayarishaji aliyekuwa na jina kubwa, wakaona sauti inatoka safi mno, wakaziacha kanda zile. Wakarudi kwa Gordon Raphael, ambaye alikuwa na studio ndogo chini ya ardhi huko East Village, New York. Bendi ilipiga pamoja kama inavyopiga jukwaani, bila kujenga wimbo tofali moja moja. Sauti ya Casablancas ilipitishwa katika amplifaya ndogo ya mazoezi, ndiyo sababu inasikika kama mtu anayekupigia simu usiku wa manane kutoka mahali penye watu wengi. Moretti anapiga ngoma kwa unyofu wa cherehani, hapambi wala hapotezi. Juu yake magitaa mawili yanasemezana. Aliyezoea benga ataelewa upesi ninachosema: la kwanza linatamka neno, la pili halirudii bali linajibu, na kati yao besi inakwenda na wimbo wake yenyewe. Nyimbo zote 11 zinakwisha kwa muda wa dakika 36 hivi. Hakuna mahali mtu anapoona wakati unapotea.

Huko Uingereza santuri ilifika nafasi ya pili katika orodha ya mauzo. Nyumbani Marekani haikupita nafasi ya 33. Walakini umaarufu wake ulizidi kukua badala ya kupungua, na mwaka wa 2009 gazeti la muziki la NME la London liliitaja kuwa santuri bora ya mwongo mzima. Bendi nyingi za magitaa zilizofuata Uingereza na Marekani zilitokea mlango huo huo.

Lakini nyimbo zenyewe zinasema nini? Zinasema mambo ya kijana wa mjini mwenye miaka 20 na ushei: kulewa, kugombana na mpenzi, kuahidi na kutotimiza, kuchoka kabla ya kufanya kazi. Ni maneno ya chumbani. Dirisha limefungwa, na mwimbaji anajitazama katika kioo. Wimbo mmoja tu ndio uliofungua dirisha ukatazama barabarani. Beti zake nazo zinachanganya mambo ya mapenzi na ya mitaani, lakini kiitikio chake kinawageukia polisi wa jiji na kuwadhihaki kwa upungufu wa akili. Huo ndio wimbo uliotolewa.

RISASI 41

Amadou Diallo alikuwa mtu wa Guinea, kijana wa miaka 23. Alizaliwa Liberia kwa wazazi wa Kiguinea, akalelewa katika nchi kadhaa, kisha akaenda New York. Huko alikuwa mchuuzi wa barabarani. Aliuza soksi, glavu na kanda za video katika mtaa mmoja wa Manhattan, na jioni akarudi kulala Bronx. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi kijana wa namna hii ni nani. Kila ukoo hapa kwetu una mmoja wake aliyevuka bahari, na kila mama mwenye mtoto huko anajua mlio wa simu usiku unavyoshtua moyo.

Usiku wa tarehe 4 Februari mwaka wa 1999, baada ya saa sita, askari polisi wanne waliovaa nguo za kiraia walimkuta amesimama mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiishi. Walikuwa wakimtafuta mtu mwingine, mshukiwa wa ubakaji. Diallo alitia mkono mfukoni akatoa kitu. Polisi walisema walidhani ni bastola. Ilikuwa pochi yake. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Hakuwa na silaha yoyote.

Jiji lilichemka. Mamia ya watu walikubali kukamatwa kwa kuketi mbele ya makao makuu ya polisi, miongoni mwao David Dinkins, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilo. Polisi wale walishtakiwa kwa kuua, kesi ikahamishwa mpaka Albany, na tarehe 25 Februari mwaka wa 2000 wote wanne wakaachiliwa huru. Mwaka wa 2004 jiji lilikubali kuilipa familia ya marehemu dola milioni 3. Mwili wake ulikuwa umekwisha kurudishwa Guinea zamani, ukazikwa kwao.

Wanamuziki hawakunyamaza. Mwezi wa Juni mwaka wa 2000 Bruce Springsteen, mwimbaji mashuhuri wa New Jersey, aliimba New York wimbo wake wa American Skin ambao jina lake lingine ni zile risasi 41. Kiongozi wa chama cha polisi wa jiji aliwataka wenzake wayasusie maonyesho yake. Springsteen aliuimba vivyo hivyo. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye jina, na wimbo wake ulikuwa wazi: unamtazama aliyekufa, unamtazama askari, unamtazama mama anayemfunza mwanawe namna ya kusimama mbele ya polisi. Wimbo wa The Strokes si wa daraja hiyo. Haumtaji Diallo kwa jina. Ni kejeli ya vijana, na asiyeambiwa asili yake anaweza kuucheza mwaka mzima bila kujua kwamba kuna maiti nyuma yake.

SIKU YA MAJONZI

Sasa tuje Septemba. Karibu watu 3,000 walikufa katika mashambulizi ya siku ile. Miongoni mwao walikuwa wazima moto 343 wa jiji la New York na askari polisi 23 wa jiji hilo hilo. Hawa ni watu walioingia ndani ya majengo wakati wengine wote walipokuwa wakitoka. Sisi wa Nairobi hatuhitaji mkalimani wa jambo hili. Tarehe 7 Agosti mwaka wa 1998, genge lile lile lilitulipukia hapa katikati ya jiji, likaua watu zaidi ya 200, na tuliona kwa macho yetu wananchi na askari wakichimbua vifusi kwa mikono. Katika wiki kama zile, mtu akija na wimbo wa kuwacheka walioingia chini ya vifusi, hataulizwa maana ya ubeti wake. Atafukuzwa, na haki itakuwa upande wa wanaomfukuza.

Kwa hiyo sisemi kwamba vijana wale walikuwa waoga. Walisema kwamba baada ya kuona ushujaa wa polisi wa jiji lao siku ile, waliona si vyema kuutoa wimbo huo wakati huo. Nawaamini. Wenyewe ni watoto wa New York. Sahani kubwa za plastiki za Marekani ziliendelea kuwa na wimbo huo, na sahani za Uingereza pia. Ni sidii ya Marekani, ile iliyoingia nyumba nyingi kuliko zote, iliyokosa wimbo.

Nao hawakuwa peke yao. Kampuni ya Clear Channel, iliyokuwa na vituo vya redio zaidi ya 1,000, ilizungusha kwa watangazaji wake orodha ya nyimbo zaidi ya 150 zilizodhaniwa hazifai kupigwa siku zile. Imagine wa John Lennon ulikuwamo, na nyimbo zote za bendi ya Rage Against the Machine. Kampuni ilisema haikuwa amri, ilikuwa ushauri tu. Mfanyakazi yeyote anajua ushauri wa tajiri wake una uzito gani.

SAMAKI MMOJA

Hapa ndipo ninapoliona tatizo lenyewe. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni nzuri sokoni, lakini ikipelekwa kortini ni mbaya. Kiitikio cha wimbo ule kilikuwa methali hiyo hiyo iliyotiwa gitaa: askari wanne wamefanya kitendo kibaya, basi polisi wote wa jiji hawana akili. Hilo ni kosa la wimbo, na silifichi.

Lakini tazama kilichotokea baada ya Septemba. Methali iligeuzwa chini juu. Askari 23 walikufa kishujaa, basi polisi wote wakawa mashujaa, na yeyote aliyekuwa na neno dhidi ya polisi yeyote akatakiwa anyamaze. Wakati wa kejeli, mmoja akioza wote wameoza. Wakati wa majonzi, mmoja akiwa shujaa wote ni mashujaa. Njia zote mbili zinampoteza mtu mmoja mmoja. Askari aliyepanda ngazi za mnara unaowaka si yule aliyefyatua risasi Bronx. Ushujaa wa yule hauwezi kulipa deni la huyu, wala deni la huyu haliwezi kupunguza ushujaa wa yule. Taifa lililo katika kilio haliwezi kupambanua hivyo, na si haki kulidai lipambanue siku ya kwanza. Lakini ni lazima siku ije ambapo litadaiwa.

Na nani aliyelipa gharama ya kutopambanua? Si The Strokes, kwani santuri yao iliuzwa na jina likapanda. Si kampuni. Aliyelipa ni marehemu Diallo. Kifo chake kilikuwa na nafasi ndogo sana katika santuri ile, nusu imefichwa, wala jina halikutajwa. Hata nafasi hiyo ndogo ikapakwa chokaa. Msiba mkubwa ulikaa juu ya msiba mdogo, kama mgeni mnene anayeketi juu ya mkeka alimolala mtoto. Hakukusudia ubaya, lakini mtoto hasikiki tena.

MATANGA YANA MWISHO

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri kuliko makampuni ya santuri. Mtu akifa, watu hukaa matanga. Katika siku hizo ngoma hazipigwi, redio huzimwa au hupunguzwa sauti, harusi ya jirani huahirishwa. Hakuna anayesema kwamba ngoma imeharamishwa. Ngoma imenyamaza kwa heshima. Kisha siku inayojulikana na wote hufika, matanga yakaanuliwa, watu wakaoga, wakarudi mashambani na madukani, na mwenye ngoma yake akaitoa. Heshima ya matanga imo katika mambo mawili kwa pamoja: kwamba yapo, na kwamba yanakwisha. Matanga yasiyoanuliwa si heshima tena. Ni kifungo, na mara nyingi mwenye ufunguo ni mtu anayefaidika na ukimya.

Basi hukumu yangu ni hii. Kuuondoa wimbo ule mwezi wa Septemba mwaka wa 2001 kulikuwa ni haki. Kulikosekana jambo moja tu: siku walipotangaza kuuondoa, wangetaja pia siku ya kuurudisha. Wangesema, wimbo huu umenyamaza mpaka mwaka uishe, kwa heshima ya waliokufa Septemba, kisha utarudi, kwa heshima ya aliyekufa Februari. Maneno hayo yangewaheshimu wafu wote kwa pamoja. Tena yangemfanya kijana wa Ohio au Texas aliyeinunua sidii aulize, ni nani huyo aliyekufa Februari? Na hapo ndipo wimbo dhaifu kidogo ungefanya kazi kubwa.

Kwa bahati nzuri nyimbo zina roho ngumu. Bendi haikuacha kuupiga jukwaani. Tarehe 10 Februari mwaka wa 2020 waliupiga huko Durham, New Hampshire, katika mkutano wa kampeni wa Seneta Bernie Sanders. Mashabiki walipanda jukwaani, na polisi waliovaa sare nao wakapanda kuwashusha, wimbo wenyewe ukiendelea. Miezi mitatu baadaye George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis, na maelfu ya vijana duniani, hata wa miji ya Afrika, wakatoka barabarani wakiulizana mambo yale yale ya Bronx. Hapo nilikwenda nikausikiliza tena wimbo ule, na baada yake ule uliotiwa mahali pake. Ule wa badala ni mzuri, hauna kasoro ya muziki. Lakini santuri yenye huo imefungwa dirisha. Ni nyumba ile ile, fanicha zile zile, na giza zaidi kidogo.

SIKU HIZI HAKUNA ALAMA

Mtu atasema haya ni ya kale, sidii zenyewe siku hizi zinafanywa vitundikwa vya kufukuzia ndege shambani. Ndiyo, na ndiyo sababu nina wasiwasi. Mwaka wa 2001, kuuondoa wimbo kuliacha alama. Kulikuwa na sahani yenye wimbo na sidii isiyo nao, na yeyote aliyeziweka pamoja mezani aliona pengo. Hata jalada lilitofautiana: la Uingereza lilikuwa na picha ya kiuno na paja la mwanamke pamoja na mkono uliovaa glavu, na la Marekani likawa na picha ya mikwaruzo ya chembechembe za atomu. Msomaji wa majalada angejua mara moja kwamba mkono wa mtu umepita hapa.

Leo wengi wetu hatununui santuri. Tunasikiliza kwa simu, na wimbo unakaa kwa mwenyewe, si kwetu. Mwaka wa 2022 waimbaji wawili wakubwa wa Marekani, Lizzo na Beyoncé, kila mmoja alilaumiwa kwa kutumia neno linalowadharau walemavu, na kila mmoja akabadilisha wimbo wake katika muda wa siku chache. Walifanya vyema. Neno lile lilikuwa baya na walioumizwa walisema wazi kwamba limewaumiza. Lakini ona jinsi lilivyotendeka. Jana wimbo ulikuwa na neno, leo hauna, na wanaousikiliza kwa simu wamebadilishiwa bila kutoka kitini. Safari hiyo kila mtu alijua kwa sababu waimbaji ni mashuhuri na magazeti yaliandika. Je, safari ambayo mwimbaji si mashuhuri, na neno linalofutwa si tusi bali ni jina la mtu aliyeuawa? Nani ataliona pengo?

Sisi wa nchi hizi tunapaswa kuliwaza swali hili kuliko Wamarekani. Tumekwisha kuona nyimbo zikitoweka redioni bila tangazo wala sababu, na mtangazaji akiulizwa hucheka tu. Kanda za zamani za biashara zilikuwa na faida moja, kwamba mwenye kanda yake sandukuni alibaki na ushahidi. Kijana ambaye muziki wake wote unakaa katika simu hana sanduku.

Kwa hiyo ninatoa rai mbili. Kwa wanamuziki na wenye studio: mkilazimika kuunyamazisha wimbo kwa ajili ya msiba, fanyeni hivyo, tena mapema, lakini andikeni tarehe mbili, ya kuunyamazisha na ya kuurudisha. Mkiandika moja tu, mmeufuta. Kwa wapenzi wa muziki: wimbo unaosema habari ya mtu aliyedhulumiwa usiuache kwa mwenye duka peke yake. Uwe na nakala yako, hata ya kukwaruza, na uwaeleze wadogo wako unahusu nini.

Amadou Diallo hakuwa mwanamuziki, na pengine asingeupenda muziki wa gereji. Alikuwa mchuuzi wa soksi aliyesimama mlangoni pake na pochi mkononi. Matanga yake yalianuliwa zamani kwao Guinea, kwa taratibu zilizo na mwisho. Yaliyobaki ni matanga ya wimbo, na hayo yataanuliwa na kila msikilizaji atakayeuliza kwa nini santuri moja ina majalada mawili na orodha mbili za nyimbo.